Johann Gottlob Leidenfrost: Tabibu Aliyelichungulia Tone la Maji

Aghalabu mpishi huupima moto wa kikaango kwa kukinyunyizia maji. Kikiwa vuguvugu, tone hutandaa na kukauka polepole. Kikishika moto, tone huchemka kwa kishindo na kutoweka. Ajabu ni kwamba moto ukizidi mno, tone halitandai wala halitokoti. Hujiviringa kama shanga, likatelezateleza huku na huko na kudumu kwa muda mrefu. Kioja hiki ndicho kilicholidumisha jina la Johann Gottlob Leidenfrost.

Leidenfrost alizaliwa mwaka 1715 huko Rosperwenda, Ujerumani. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye mwana akaanza kufuata nyayo zake kwa kusomea theolojia. Hatimaye aliiacha, akashika utabibu. Baada ya masomo katika vyuo vya Giessen, Leipzig na Halle, alihitimu udaktari mwaka 1741. Miaka miwili baadaye aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Duisburg, akadumu huko hadi alipofariki Desemba 1794. Alifundisha utabibu, fizikia na kemia, na papo hapo akiwatibu wagonjwa.

Mwaka 1756 alichapisha kwa Kilatini risala kuhusu baadhi ya sifa za maji ya kawaida. Vifaa vyake vilikuwa duni: kijiko cha chuma, makaa ya moto, mshumaa na timazi la kuhesabia sekunde. Alikipasha kijiko hadi kikawa chekundu, kisha akakidondoshea tone moja. Tone hilo lilidumu zaidi ya nusu dakika. La pili, lililodondoshwa kijiko kikiwa kimepoa kiasi, lilidumu sekunde 9 au 10 tu. Kumbe chuma kilivyozidi kuwa moto ndivyo tone lilivyozidi kuishi! Alipouweka mshumaa nyuma ya tone, aliona nuru ikipenya kati ya maji na chuma. Tone halikukigusa kijiko.

Leo twajua sababu yake. Upande wa chini wa tone hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hulibeba tone juu ya utando mwembamba. Kwa kuwa mvuke hupitisha joto kwa shida, utando huo huwa ngao ya tone.

Hata hivyo, jicho kali halikumwepusha mtaalamu huyu na hitimisho potovu. Tone lilipokwisha, aliona kijivumbi kikibaki kijikoni, akaamini kuwa joto limeyageuza maji kuwa udongo. Imani hiyo ilikuwa imeenea enzi zake. Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliipinga kwa mizani mwaka 1770: alionyesha kwamba udongo uliodhaniwa kuzaliwa na maji ulitokana na chombo cha kioo yalimochemshwa.

Aidha, lugha ya risala iliifungia. Kadiri Kilatini kilivyozidi kuachwa na wanasayansi, ndivyo wasomaji wake walivyopungua. Sehemu yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1966 tu, miaka 210 baada ya kuchapishwa.

Wakati huo utando wa mvuke ulikuwa umekwisha kuwa hatari inayojulikana. Katika mitambo ya kuzalisha umeme kwa mvuke na katika vinu vya nyuklia, utando huo ukitanda juu ya chuma, maji hushindwa kukipoza na chuma chaweza kuharibika. Kwa hivyo wahandisi huchonga nyuso za metali kwa vinundu na vinyweleo vidogo mno, vingine vya kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Vinyweleo huyavuta maji yakigusane na chuma, na mianya iliyo kati yake huupa mvuke njia ya kutorokea. Mwaka 2022 watafiti wa Hong Kong na wenzao walitangaza uso wa namna hii, wenye vinguzo vya chuma na utando unaofyonza maji, uliozuia kioja cha Leidenfrost hata kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za selisiasi.

Tabibu huyu alikosea alipoeleza kijivumbi, lakini alipoeleza alichokiona kwa macho yake hakukosea. Maelezo hayo ndiyo yaliyosubiri mfasiri kwa karne mbili. Sisi tunaoshughulika na lugha tunapaswa kujiuliza ni risala ngapi zingali zinamsubiri wa kwetu.