Leo Fender: fundi redio aliyelipatia gitaa la besi sauti yake

Ukipita jioni karibu na kanisa ambako kwaya inafanya mazoezi, iwe Mpanda mjini, Katumba au Mishamo, kinachokufikia kwanza kutoka mbali si maneno ya wimbo. Ni besi. Na wapiga besi wana ubishi wao usioisha: gitaa la zamani na la kisasa, lipi lina sauti? Ubishi huo kwa sehemu kubwa unahusu kifaa kidogo kiitwacho pikapu. Hapa hatuzungumzii gari la kubebea mpunga. Pikapu ya gitaa ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, zikafungwa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana huzaliwa kwenye ule waya, nao hupita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya.

Mtu aliyeipa besi pikapu hiyo na kuifikisha duniani kote alikuwa fundi redio, na hakujua kupiga gitaa.

Clarence Leonidas Fender, maarufu kama Leo, alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 huko California, Marekani, kwa wazazi waliolima machungwa. Akiwa mtoto alipoteza jicho moja kwa ugonjwa, akavaa la bandia. Alisomea uhasibu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye redio tangu alipoiona moja iliyotengenezwa na mjomba wake. Uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930 alipoteza kazi. Mwaka 1938 akakopa dola 600 na kufungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Wanamuziki wakaanza kumletea vipaza sauti na magitaa yaliyoharibika, naye akawa anawasikiliza wakilalamika.

Lalamiko moja lilihusu besi. Wakati ule besi ilikuwa chombo kikubwa cha kusimama, kirefu kuliko mtu, kigumu kukisafirisha, na bendi ikipamba moto hakisikiki. Mwaka 1951 Leo akatoa Precision Bass, gitaa la nyuzi 4 la kuvaa begani, lenye pikapu moja nyembamba. Mwaka huo huku kwetu reli ya Kaliua hadi Mpanda ilikuwa bado mpya, imejengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi. Magitaa ya umeme yangefika baadaye.

Pikapu ile ya kwanza ilikuwa na kasoro ambayo fundi redio yeyote angeitambua. Waya uliozungushwa namna hiyo hugeuka antena, ukanasa mvumo wa umeme ulio karibu. Hapa Tanzania umeme wa gridi na wa jenereta hutikisika mara 50 kwa sekunde, na ndio mvumo mzito unaousikia spika ikiwa imewashwa na hakuna anayepiga. Mwaka 1957 Leo akaigawa pikapu vipande viwili, kila kimoja kikihudumia nyuzi mbili. Waya wa kimoja ukawa kinyume cha mwenzake, na sumaku zake pia zikageuzwa. Mvumo unaoingia pande zote mbili unafutana, sauti ya nyuzi inabaki. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo la akili kuliko yote aliyofanya, na mpangilio huo unatengenezwa hadi leo.

Jazz Bass, yenye pikapu mbili, ilifuata mwaka 1960. Kisha maradhi yakamwandama. Akiamini hana siku nyingi, mwaka 1965 aliiuza kampuni kwa dola milioni 13 kwa CBS, shirika la utangazaji, wenzetu wa redio. Baadaye akapata daktari mwingine, akapona. Lakini jina lake lenyewe lilikuwa limekwisha kuwa mali ya watu wengine.

Akarudi mezani. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man, aliyokuwa akiiongoza, ilitoa StingRay, besi yenye pikapu nene na kikuza sauti kidogo ndani yake kinachotumia betri. Mpigaji akaweza kuongeza uzito au ukali wa sauti kwenye gitaa lenyewe. Besi nyingi tunazoziita za kisasa zinafuata njia hiyo. Wakati huohuo wapigaji walianza kuyasaka magitaa yake ya kabla ya mauzo, na bei ikapanda. Leo alikuwa akishindana na kazi ya mikono yake mwenyewe.

Je, za zamani ni bora? Zile pikapu zilizungushwa kwa kuongozwa na mkono wa mtu, kwa hiyo mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana, moja tamu na nyingine ya kawaida tu. Za sasa huzungushwa na mashine na hufanana. Sisi tunadhani sehemu ya utamu wa zamani ni mazoea ya masikio, na sehemu nyingine ni bei.

Kwa kwaya ya kijijini swali ni jingine. Besi yenye betri mara nyingi hutaka ile ya mraba ya volti 9, ambayo si kila duka linayo, na betri ikiisha katikati ya ibada gitaa hunyamaza. Isiyo na betri haina shida hiyo. Kabla ya kununua iliyotumika, ichomeke karibu na jenereta au inveta ya sola mtakayotumia, acha nyuzi bila kuzigusa, sikiliza mvumo.

Leo alianzisha kampuni ya mwisho, G&L, akiwa na umri wa miaka 70. Alifariki tarehe 21 Machi 1991, akiwa na ugonjwa wa Parkinson. Siku moja kabla ya kufa alikuwa kazini. Wenzake waliacha chumba chake cha kazi kama kilivyokuwa.