Demosthenes: Ufasaha na swali la uaminifu

Kwa zaidi ya miaka 2,300, jina la Demosthenes wa Athens limekuwa mfano wa ufasaha. Lakini maisha yake yanatuonyesha kwamba wasikilizaji hawapimi maneno ya msemaji pekee, bali pia mwenendo wake.

Alianzaje?

Demosthenes alizaliwa Ugiriki mwaka 384 K.K. Baba yake, mwenye karakana ya panga na visu, alifariki mtoto akiwa na miaka saba. Walezi wakatapanya urithi. Alipokuwa mtu mzima aliwashtaki mwenyewe mahakamani na kushinda, ingawa alirejeshewa sehemu ndogo tu ya mali. Plutarch anasimulia kuwa Demosthenes alikuwa na tatizo la matamshi, akafanya mazoezi ya kusema huku ameweka kokoto mdomoni.

Kwa nini alisikilizwa?

Kuanzia mwaka 351 K.K. aliwaonya wananchi wenzake kuhusu Mfalme Philip wa Macedonia. Hakuwabembeleza. Aliwaeleza kuwa wamezembea, na kwamba fedha za sherehe zinahitajika vitani. Mwaka 348 K.K. Philip aliuteka mji wa Olynthus, na onyo hilo likathibitika.

Mwaka 338 K.K. Athens ilishindwa vitani huko Chaeronea. Wapinzani walidai Demosthenes alikimbia, lakini wananchi walimchagua yeye kutoa hotuba ya kuwaenzi waliouawa. Mwaka 330 K.K. hasimu wake Aeschines alipopinga mahakamani asitunukiwe taji, hakupata hata moja ya tano ya kura.

Doa lilitoka wapi?

Mwaka 324 K.K. Harpalus, mweka hazina wa Alexander, alikimbilia Athens na fedha alizoiba. Zilihifadhiwa Acropolis, na karibu nusu yake ikatoweka. Demosthenes alipatikana na hatia ya kupokea talanta 20, akatozwa faini ya talanta 50. Alishindwa kulipa, akafungwa, kisha akatoroka. Mpaka leo wanahistoria hawakubaliani iwapo kweli alihongwa.

Baada ya Alexander kufariki mwaka 323 K.K., alirudishwa nyumbani kwa heshima. Mwaka uliofuata, akisakwa na watu wa Antipater, alikunywa sumu katika hekalu la Poseidon kisiwani Calauria.

Hotuba zake bado tunazisoma. Lakini kila tunapomsifu kwa kuwaambia watu ukweli mchungu, swali la zile talanta 20 linabaki palepale.