Matthew Flinders, mutu aliyejua juu ya nini busole inadanganya

Wale wanaotumika chini ya udongo wanajua: topografe akipima njia na busole, anakaa mbali na reli na mashini, juu chuma inavuta ile shindano. Baharini, zaidi ya miaka 200 iliyopita, makapiteni wengi hawakufikiri vile. Mwenye alifuata ile mambo mpaka mwisho njo Matthew Flinders, Muingereza, mutoto wa munganga, aliyezaliwa katika 1774.

Katika mwezi wa 4 wa 1801 alioa Ann. Alitaka kusafiri naye, lakini wakubwa wa marine walikataa. Basi mwezi wa 7 aliondoka peke yake na mashua Investigator, kwenda kupima pwani ya Australia.

Kule njo matatizo yalianza. Alikuwa anapima mulima ule ule mara mbili, na busole inamupa hesabu mbili. Wengine wangesema busole imeharibika, walete ingine. Yeye hapana. Aliandika kila siku mashua inaelekea wapi, kisha akaona: ikielekea mashariki, shindano inakosea upande moja, ikielekea magharibi, inakosea upande mwingine, ikielekea kaskazini ao kusini, kosa inapotea. Akihamisha busole fasi ingine, kosa inabadilika. Na kule Ulaya ilikuwa inakosea kinyume na vile ilikosea Australia. Busole ilikuwa muzima. Mwenye kosa alikuwa mashua yenyewe, na mizinga na chuma yote ndani yake. Tupige hesabu: kosa ya digri 4, kisha kilometre 100, umefika kilometre 7 mbali na njia. Fasi kuko mawe, ni kifo.

Dawa yake ilikuwa chuma pia: kusimamisha fimbo ya chuma karibu na busole, ivute upande mwingine, ile nguvu mbili zishindane.

Lakini kurudi nyumbani haikuwa rahisi. Investigator ilioza. Katika 1803 alipanda mashua ingine, ikavunjika juu ya mawe. Akaenda na mutumbwi zaidi ya kilometre 1.000 mpaka Sydney kutafuta musaada kwa wenzake. Kisha wakamupa Cumberland, kamashua kadogo kenye kuingiza maji. Katika mwezi wa 12 alisimama Île de France, yenye leo inaitwa Maurice. Uingereza na Ufaransa walikuwa katika vita, na barua yake ya ruhusa iliandikwa juu ya Investigator, hapana Cumberland. Guverneri Decaen akamufunga. Miaka sita na nusu! Sisi tunaona ile azabu ilipita kosa. Hata vile, akiwa mufungwa aliandika maelezo yake juu ya busole, yakasomwa London katika 1805.

Alifunguliwa katika 1810. Ann alikuwa angali anamungoja, miaka tisa. Walizaa mutoto mwanamuke moja katika 1812, na mwaka ule marine wakajaribu mawazo yake ndani ya mashua zao. Kitabu chake kilitoka tarehe 18 mwezi wa 7, 1814. Kesho yake akafa, na miaka 40 tu.

Fimbo ile ingali inaitwa kwa jina lake. Hata mashua za leo zenye kujiongoza zenyewe, ukiweka sanduku ya vyombo vya chuma karibu na busole yao, zinapotea njia. Kaburi yake ilipotea chini ya steshoni ya Euston. Wachimbaji waliipata katika 2019, na katika 2024 akazikwa tena Donington, kwao.