Lyubov Orlova na Mtoto Mweusi

Wapenzi wa sinema huku kwetu humjua Umm Kulthum wa Misri na Nargis wa Bombay. Bi Lyubov Orlova wa Moscow wamjuao ni wachache, nami namtaja leo kwa ajili ya mtoto mmoja mweusi.

Alizaliwa Zvenigorod mwaka 1902 katika ukoo wa mabwanyenye, na mapinduzi ya 1917 yakaufanya ukoo ule kuwa mzigo. Alisomea piano, akawa akipata riziki kwa kuipiga katika majumba ya sinema, zama filamu zikiwa bubu. Mwaka 1930 mumewe wa kwanza, Andrei Berzin, ofisa wa serikali, alikamatwa. Bibi akaendelea kuimba jukwaani hadi mwongozaji Grigori Alexandrov akamtia katika filamu ya vichekesho ya 1934, kisha akamwoa.

Iliyomtukuza ni ile ya 1936, Sarakasi. Humo yeye ni Marion Dixon, Mmarekani mweupe aliyefukuzwa kwao kwa kuwa amezaa mtoto mweusi. Adui yake amfichua mbele ya kadamnasi. Watu, badala ya kumzomea, wampokea mtoto mkono kwa mkono, wakimwimbia bembea kila mmoja kwa lugha yake. Mtoto huyo ni Jim Patterson, ambaye babake alikuwa Mmarekani mweusi aliyehamia Moscow 1932. Alipokua akawa mwanamaji, na mshairi pia. Hilo mimi, mtunga mashairi, silipiti kimya.

Msomaji, pima. Mwaka ule ule, huku Gilgil ninakoandikia, ardhi njema ilikuwa ya walowezi, na Mwafrika akitembea na kipande shingoni. Filamu ile ilikuwa propaganda, naam, lakini nani mwingine alithubutu kuionyesha picha hiyo?

Walakini Solomon Mikhoels, Myahudi, mmoja wa waliombembeleza mtoto yule, aliuawa 1948 kwa amri ya Stalin, na sura yake ikakatwa katika filamu. Kabla yake Vladimir Nilsen, mpigapicha wa Bibi tangu filamu ile ya 1934, alipigwa risasi 1938, mwaka ilipotoka Volga-Volga, filamu aliyoipenda mno Stalin. Jina lake likafutwa. Bi Orlova hakuguswa. Alipewa Tuzo ya Stalin mara mbili, 1941 na 1950. Simlaumu. Nani angekwenda kumuuliza Stalin?

Alifariki Moscow tarehe 26 Januari 1975. Sehemu ya Mikhoels ilirudishwa baadaye, na sasa anaonekana tena, mtoto mikononi, akiimba.