Frank J. Sprague
Frank Julian Sprague (Milford, Connecticut, 25 Julai 1857 – New York, 25 Oktoba 1934) alikuwa mhandisi na mvumbuzi wa Marekani, maarufu kwa kazi yake katika treni za umeme za mijini.

Alihitimu chuo cha jeshi la wanamaji huko Annapolis mwaka 1878, akafanya kazi kwa Thomas Edison kwa muda mfupi, kisha akaanzisha kampuni yake. Mwaka 1888 alifungua tramu za umeme za Richmond, Virginia. Mradi huo ulimtia hasara, ila ulimpa jina.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa Chicago, ambako treni za reli ya juu ya South Side zilivutwa na injini za mvuke. Ilionekana inatosha kubadili injini tu. Sprague alitaka kila behewa liwe na mota zake, na zote ziongozwe na dereva mmoja kwa waya zinazopita treni nzima. Hivyo mabehewa yangeongezwa saa za msongamano bila treni kuelemewa, na behewa bovu lingepelekwa karakana peke yake. Ili wenye reli wakubali, aliweka dhamana ya dola 100,000. Katika jaribio la Julai 1897 huko Schenectady, aliyeshika usukani wa treni alikuwa mwanawe Desmond, mtoto bado!

Mwaka 1898 reli hiyo ilianza kutumia umeme. Treni ya Tanzania iitwayo Mchongoko nayo hufuata mpango huohuo.

Sprague alizikwa Arlington, Virginia.