Blasio Kigozi, Aliyejihoji Kwanza

Jumapili ya Chakula cha Bwana ikikaribia, sisi wa Makole twajiweka tayari kwa bidii. Nguo zafuliwa na kupigwa pasi, watoto waogeshwa, na mwenye deni dogo kwa jirani hulilipa asije akatazamwe vibaya kanisani. Hayo ni mema. Lakini moyo nao hutazamwa saa ngapi? Kwa ajili ya swali hilo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mmoja wa nchi jirani.

Blasio Kigozi alikuwa Mganda, ndugu mdogo wa Simeoni Nsibambi, yule aliyejulikana kwa kuwauliza watu waziwazi habari za wokovu wao. Mwaka 1929 Blasio aliiacha nchi yake akaenda Gahini, katika Rwanda, akawa mwalimu karibu na hospitali ya misioni. Nchi ilikuwa imepigwa na njaa kubwa, na kazi ilikuwa nzito. Baadaye akawekwa juu ya shule ya wainjilisti, na mwaka 1934 akapewa ushemasi. Machoni pa watu alikuwa amekwisha fika.

Yeye mwenyewe hakuona hivyo. Aliona kwamba mafundisho ni mengi na matunda ni machache. Mwalimu akipatwa na jambo hilo, desturi ni kuwalaumu wanafunzi, ama wazazi wao, ama wakubwa waliomtuma. Sisi tuliopata kufundisha katekisimo twazijua lawama hizo vizuri, maana tumezitumia. Blasio hakufuata njia hiyo. Katika mwaka 1935 alijitenga juma zima, akakaa peke yake katika kibanda, akiomba na kuuchungua moyo wake mbele za Mungu. Kazi ilimngoja nje, naye akaiacha ingoje.

Jambo hili si geni kwetu Walutheri. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alimwagiza mwenye kuungama aitazame hali yake mwenyewe kwa nuru ya Amri Kumi: kama ni baba au mama, mtoto, bwana au mtumishi, kama amekuwa mvivu, mkaidi au asiye mwaminifu. Habari za jirani hazimo katika maswali yale. Wengi wetu tuliyakariri tukiwa watoto. Kuyajibu ni kazi nyingine.

Basi Blasio alipotoka kibandani alihubiri toba kwa ujasiri mpya. Wengine walichukizwa, wengine wakalia. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa walioongoza mkutano wa Kabale, na watu wengi wakaungama dhambi zao na kurudisha vitu walivyoiba. Kisha akaitwa aseme mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda, mwezi wa Januari 1936. Akatengeneza mambo matatu: ubaridi wa Kanisa, watu waishio katika dhambi iliyo wazi wakikaribishwa Mezani pa Bwana, na jinsi Kanisa litakavyoamshwa.

Hakuyasema kwa kinywa chake. Alishikwa na homa ya papasi, mdudu ambaye sisi wa Ugogo hatuhitaji kuelezwa habari zake, akafa mwezi uleule, angali kijana. Mambo yake yakaletwa sinodini na wengine. Na neno alilopenda kulitumia, Zukuka, yaani amka, likawa neno kuu la mikutano ya Injili ya mwaka 1937, Kanisa la Uganda lilipotimiza miaka 60.

Uamsho ule ulivuka mpaka ukaingia Tanganyika, ukawafikia ndugu zetu Walutheri wa Buhaya, na Waanglikana wa huku Ugogo pia. Ulileta mema mengi: maadui walipatana na madeni yalilipwa. Lakini tusifiche neno: palikuwa na watu waliojifunza kuungama kwa sauti kuu kama desturi, kisha wakageuka kuwapima wenzao, nani ameokoka na nani bado. Twadhani hao waliyapokea yale mambo matatu bila lile juma la kibandani.

Mwezi huu, hapa Makole, saa ya maungamo itakuwa Jumamosi jioni, kabla ya giza, ili watokao mbali wapate kufika na kurudi. Mlango utafunguliwa mapema kwa atakaye kuketi peke yake.