Richard Chelimo na Dhahabu ya Usiku Mmoja

Mji wa Eldoret umezoea kuishi na mashujaa. Wanariadha waliotwaa mataji katika miji mikuu ya dunia hukutana na wenyeji benki, sokoni na vituoni mwa magari, wala hapana anayeshtuka. Baadhi yao wamejenga majumba ya kupangisha, wengine wamefungua maduka na mahoteli, na wengine wamenunua mashamba ya ngano na mahindi katika viunga vya mji kwa jasho walilolitoa viwanjani Ulaya, Marekani na Japani. Hata hivyo, miongoni mwa majina hayo mengi lipo moja ambalo likitajwa huleta fahari na huzuni kwa pamoja. Ni jina la marehemu Richard Chelimo, aliyefariki mjini humo tarehe 15 Agosti 2001 akiwa na umri wa miaka 29 tu. Kifo hicho kilikifunga kitabu ambacho kurasa zake nyingi zilikuwa bado hazijaandikwa.

Chelimo alizaliwa tarehe 21 Aprili 1972 katika nchi ya Wamarakwet, mashariki ya Eldoret, mahali ambapo milima ya Cherangany inaitazama Bonde la Kerio. Wamarakwet ni watu wanaosifika kwa mifereji yao ya kale, iliyochimbwa na mababu ili kuyateremsha maji kutoka vilimani hadi kwenye mashamba ya chini. Ni nchi ya miinuko na mabonde, nchi ambayo mtoto haendi popote bila ya kupanda au kushuka. Aidha, mbio zilikuwa ndani ya ukoo wake. Mdogo wake, Ismael Kirui, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Binamu yake, Moses Kiptanui, alitawala mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa miaka kadhaa. Wahenga walisema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini katika ukoo huu hapakuwa na nyoka mmoja wa kumtegemea: walikua pamoja, wakafanya mazoezi pamoja, na kila mmoja akawa kinoo cha mwenzake.

Dunia ilianza kulisikia jina la Chelimo mnamo mwaka 1990, katika mashindano ya dunia ya vijana yaliyofanyika Plovdiv, nchini Bulgaria. Hapo alitwaa nishani ya dhahabu katika mbio za mita 10,000 akiwa na miaka 18. Vijana wengi hung'ara katika umri huo kisha wakazimika mara tu wanapokutana na watu wazima. Chelimo hakuwa wa kundi hilo. Tarehe 25 Juni 1991, mjini Hengelo nchini Uholanzi, alikimbia masafa hayo kwa dakika 27 na sekunde 11.18. Huo ulikuwa muda bora kupata kuandikwa na mwanariadha chipukizi duniani. Zaidi ya hayo, ulipungukiwa na sekunde zisizofika 3 tu kuifikia rekodi ya dunia ya watu wazima, iliyowekwa na Arturo Barrios wa Meksiko mwaka 1989. Tangu siku ile, watu wa riadha hawakujiuliza tena iwapo kijana yule angekuwa bingwa. Walijiuliza ni lini.

Ili kuelewa yaliyomfika baadaye, ni muhimu kufahamu jinsi Chelimo alivyokimbia. Mbio za mita 10,000 ni mizunguko 25 ya uwanja, na wakimbiaji wake wanaweza kugawanywa katika makundi mawili. Wapo wanaojificha nyuma ya wenzao, wakasubiri kengele ya mzunguko wa mwisho, kisha wakafyatuka kama mshale. Wapo pia wasiojaliwa kasi hiyo ya mwisho. Hawa hawana budi kuongoza mapema na kuikaza kamba mzunguko baada ya mzunguko, mpaka wale wenye miguu ya kasi wachoke kabla kengele haijalia. Chelimo alikuwa wa kundi hili la pili. Silaha yake ilikuwa mwendo mkali usiokatika, na silaha ya namna hiyo haifai kitu iwapo mwendo wenyewe utakatizwa.

Mwezi Agosti 1991, katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, aliitumia silaha hiyo dhidi ya watu wazima. Alikuwa na miaka 19. Mbio zilipofikia ukingoni, aliyebaki naye alikuwa Mkenya mwenzake, Moses Tanui, naye Tanui ndiye aliyeuvuka utepe kwanza kwa dakika 27 na sekunde 38.74. Chelimo alikuja nyuma yake kwa tofauti ya sekunde 0.67, na nafasi ya tatu ikamwendea Khalid Skah wa Moroko, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 1990 na 1991. Hapakuwa na aliyesikitika sana kwa ajili ya Chelimo siku ile. Dhahabu na fedha zote zilikuwa zimekwenda Kenya, na kijana alikuwa na miaka mingi mbele yake. Michezo ya Olimpiki ilikuwa mwaka mmoja tu mbele.

Jioni ya tarehe 3 Agosti 1992, mjini Barcelona, fainali ya Olimpiki ilifanyika ikiwa na mzigo wa historia. Ni Mkenya mmoja tu aliyekuwa amewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 10,000, naye ni Naftali Temu, kule Meksiko mwaka 1968. Miaka 24 ilikuwa imepita. Chelimo alifanya alichokuwa amekizoea. Alishika uongozi, akakaza mwendo, na mmoja baada ya mwingine washindani wake wakaachwa nyuma, isipokuwa Skah. Wawili hao walijitenga na kundi mpaka wakaanza kuwafikia wakimbiaji wa mwisho na kuwapita mzunguko mzima.

Zikiwa zimesalia takriban mizunguko mitatu, walimfikia Hammou Boutayeb, naye pia wa Moroko. Kanuni na desturi za riadha zinamtaka mkimbiaji aliyeachwa mzunguko mzima awapishe wanaogombea ushindi, asiwasaidie wala asiwazuie. Boutayeb hakukaa kando. Aliandamana nao, mara akiwa mbele ya Chelimo, mara ubavuni pake, na mwendo ule ambao Mkenya alikuwa ameutunza tangu mwanzo ukavurugika. Watazamaji walianza kupiga miluzi na kuzomea. Afisa mmoja wa mashindano alijongea ukingoni mwa njia akajaribu kumshika Boutayeb ili kumtoa, lakini akaponyokwa. Wakati wote huo Skah alikuwa nyuma ya Chelimo, akihifadhi nguvu zake. Katika mita za mwisho alichomoka, akampita Chelimo na kumaliza kwa dakika 27 na sekunde 46.70. Chelimo alimaliza sekunde 1.02 baadaye. Addis Abebe wa Ethiopia, aliyekuwa wa tatu, alifika zaidi ya sekunde 12 nyuma yao.

Kilichofuata hakikuwa cha kawaida. Skah aliondolewa kwenye matokeo muda mfupi baada ya mbio, kwa hoja kwamba alikuwa amefaidika na msaada wa mwenzake. Chelimo akatangazwa bingwa wa Olimpiki. Usiku ule, mwana wa Marakwet mwenye umri wa miaka 20 alilala akiwa mrithi wa Temu. Wamoroko walikata rufaa, na siku iliyofuata jopo la rufaa likaubatilisha uamuzi wa kwanza. Skah alirejeshewa ushindi, na Chelimo akashushwa tena hadi nafasi ya pili. Nishani zilipotolewa, bingwa alivishwa dhahabu yake huku uwanja ukimzomea, naye Chelimo akapokea fedha huku uwanja huohuo ukimshangilia.

Haki inadai kwamba pande zote mbili za shauri hili zielezwe. Wanaomtetea Skah husema kuwa hakuna aliyethibitisha kuwapo kwa njama, na kwamba yeye mwenyewe hakumgusa wala kumzuia mpinzani wake. Huongeza kuwa kasi yake ya mwisho ilijulikana na kila mtu, hivyo huenda angeshinda hata kama Boutayeb asingekuwapo uwanjani. Hoja hizi si dhaifu. Lakini wanaomtetea Chelimo nao wana lao. Mkimbiaji asiye na kasi ya mwisho hushinda kwa kumchosha mwenzake katika mizunguko ile hasa ya kuelekea kengele. Ukimvurugia mwendo wake hapo, umemnyang'anya njia pekee ya ushindi aliyokuwa nayo. Kwa hiyo, swali halikuwa ni nani aliyekuwa na kasi zaidi katika mita 100 za mwisho, bali iwapo Skah angezifikia mita hizo akiwa na nguvu zilezile. Swali hilo halikuweza kujibiwa na jopo lolote, na halitajibiwa kamwe.

Kenya ilirudi kutoka Barcelona na nishani 8: dhahabu 2, fedha 4 na shaba 2. Katika hesabu za taifa, fedha ya Chelimo ilikuwa moja tu kati ya nne. Kwake yeye haikuwa na mfano.

Chelimo alijibu dhuluma kwa namna inayomfaa mkimbiaji, yaani kwa kukimbia. Tarehe 5 Julai 1993, mjini Stockholm, alishindana na adui asiyeweza kubebwa na mtu wala kukata rufaa, nayo ni saa. Rekodi ya Barrios ilikuwa dakika 27 na sekunde 8.23. Chelimo alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 7.91. Kila mzunguko ulikuwa umemchukua wastani wa sekunde 65 na kidogo, mara 25 mfululizo, na faida aliyoipata juu ya rekodi ya zamani ilikuwa sekunde 0.32, muda usiotosha kulitamka jina lake. Akiwa na miaka 21, alikuwa mtu mwenye kasi kuliko wote waliopata kukimbia masafa hayo tangu rekodi zianze kuandikwa.

Ama kweli, mja hana hiari. Siku tano tu baadaye, tarehe 10 Julai, Mkenya mwenzake, Yobes Ondieki, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Tokyo, aliingia katika uwanja wa Bislett mjini Oslo na kukimbia kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Alikuwa binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27, na sifa zote zikamwendea yeye, tena kwa haki. Rekodi ya Chelimo ilikuwa imeishi siku tano. Safari hii hapakuwa na wa kulaumiwa, kwani alikuwa ametangulia kuugonga mlango ambao mwenzake aliufungua kwa kishindo.

Mwezi Agosti mwaka huohuo, mjini Stuttgart, Chelimo alipata nishani yake ya tatu katika mashindano makuu ya watu wazima. Ilikuwa ya shaba. Dhahabu ilichukuliwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia, kijana ambaye angekuja kuyatawala masafa hayo kwa miaka mingi, na fedha ikamwendea Moses Tanui. Katika mashindano hayohayo, Ismael Kirui, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda dhahabu ya mita 5,000. Ndugu wawili, nishani mbili: mmoja alikuwa anaingia jukwaani na mwingine, pasipo mtu kujua, alikuwa anashuka.

Baada ya Stuttgart, nyota ya Chelimo ilififia. Mwaka 1995, Kirui alilitetea taji lake mjini Gothenburg, lakini jina la kaka yake halikuwa tena miongoni mwa washindi. Mwaka 1996, Kenya ilipopeleka wakimbiaji wake wa mita 10,000 Atlanta, Chelimo hakuwamo. Alikuwa na miaka 24 tu, umri ambao wanariadha wengi wa masafa marefu ndio kwanza huanza kukomaa. Mwili uliokuwa umefanyishwa kazi ya mtu mzima tangu ujana ulikuwa umetoa ulichokuwa nacho. Kisha yakaja maradhi. Uvimbe kwenye ubongo ulimwondoa duniani mnamo Agosti 2001, miaka tisa na siku chache tangu usiku ule wa Barcelona.

Maisha ya Chelimo yakipimwa kwa vitabu vya kumbukumbu, yanaonekana kama maisha ya mtu aliyekaribia tu. Alikaribia dhahabu ya dunia kwa chini ya sekunde moja, akaishika dhahabu ya Olimpiki kwa usiku mmoja, akaimiliki rekodi ya dunia kwa siku tano. Lakini kipimo hicho hakitoshi. Vitabu haviandiki ni nani aliyeubeba uongozi mizunguko mingi ili mbio ziwe mbio. Haviandiki ni nani aliyenyang'anywa alichopewa kisha akarudi uwanjani bila ya kuharibu jina la mtu, akafanya kazi yake vizuri zaidi kuliko mtu yeyote aliyemtangulia.

Tangu Temu aliposhinda mwaka 1968 hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hakuna Mkenya mwingine wa kiume aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki katika mita 10,000. Paul Tergat aliikaribia mara mbili, mwaka 1996 na mwaka 2000, akapata fedha. Waethiopia, Mwingereza na Mganda wameichukua kwa zamu. Katika kipindi chote hicho kirefu, Mkenya pekee wa kiume aliyepata kutangazwa mshindi wake, ingawa ni kwa usiku mmoja, ni Richard Chelimo. Mola ailaze roho yake mahali pema.